Andika Ushikike
Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa Mbeya na Iringa

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuandika barua pepe za matangazo ziwe za kweli na ziaminike. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ukweli ni wako mwandishi, unao au huna. Kuaminika unagawiwa na msomaji, na msomaji wetu wa leo ana sababu nzuri za kukunyima.

Nani humu hajawahi kupata ule ujumbe unaosema ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja fulani? Naona hakuna mkono ulionyooka. Takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zimekuwa zikiwataja jirani zetu wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu. Mamlaka imetoa namba 15040 ya kupeleka jumbe za namna hiyo, na makampuni ya simu hayachoki kukumbusha kwamba yenyewe hupiga kwa namba 100 tu. Pamoja na hayo yote, ujumbe bado unaingia, na bado kuna anayetuma.

Mimi ule ujumbe nimeusoma kama mwalimu anavyosoma insha ya mwanafunzi mtundu. Ni mfupi, hauna salamu, unaanza katikati ya mazungumzo, kana kwamba tayari mna deni la kulipana. Neno "ile" limefanya kazi yote. Anayejenga nyumba Tunduma na ana fundi anayemsubiri ataamini kwamba fundi ndiye amebadilisha namba. Na aliyeuandika hana jina lake mwenyewe, hana mtaa, hana duka, hana siku utakayomkuta. Nguvu yake yote ni kwamba hakamatiki.

Sasa barua yako ya tangazo, wewe unayeuza parachichi za Rungwe au kahawa ya Mbozi, inaingia kwa mlango uleule, kwenye simu ileile, kwa mtu yuleyule aliyekwisha kulizwa mara moja. Huwezi kumwambia "niamini". Tapeli naye anasema hivyo, tena kwa ufasaha kukuzidi. Unachoweza kufanya ni kile ambacho tapeli hathubutu, yaani kujiweka mahali unapoweza kushikwa. Kila sentensi ya tangazo lako iwe na kitu ambacho, kikiwa uongo, mteja anaweza kukirudisha mezani kwako akasema, hiki hapa, ulisema mwenyewe.

Mtu atanikumbusha upatu wa DECI, na atakuwa na haki. DECI haikujificha. Ilikuwa na ofisi, ilikuwa na viongozi waliojulikana, wengine wachungaji, na foleni zake zilionekana mchana kweupe. Watu "walipanda mbegu" wakisubiri "kuvuna", mpaka serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 na viongozi wake wakafikishwa Mahakama ya Kisutu. Kwa hiyo mlango na jina havitoshi. Kilichokosekana pale ni jibu la swali ambalo bibi yeyote wa kijijini angeliuliza kuhusu shamba: hii mbegu inaota kwenye udongo gani? Fedha ya ziada ilikuwa inazaliwa wapi? Tangazo linaweza kuwa na anwani, namba ya TIN na picha ya mkurugenzi, na bado ahadi yenyewe ikawa inaelea hewani. Ukiuza kwa bei ya chini kuliko soko, sema ni kwa nini: umenunua shambani bila dalali, au mzigo umekaa, au gunia limelowa pembeni ukalianika tena. Bei ndogo isiyo na sababu humtia mteja mwenye akili wasiwasi, na humvuta yule ambaye kesho atakulilia.

Twende stendi. Mnamjua mpiga debe. Gari la Tukuyu lina abiria wanne wa kweli, yeye anapiga kelele kwamba limebaki siti moja, linaondoka sasa hivi. Ukiingia unakuta abiria wamejaa. Ukikaa kidogo, wengi wao wanashuka, kumbe ni wenzake waliokalishwa kujaza macho. Dereva hata chai hajanywa. Barua nyingi za matangazo ninazoletewa kusahihisha zimeandikwa na mpiga debe. "Nafasi 3 tu zimebaki!" "Ofa inaisha usiku wa leo!" Na keshokutwa barua inarudi na ofa ileile. "Wateja zaidi ya elfu kumi wanatuamini," anasema kijana aliyefungua duka la mtandaoni mwezi uliopita pale Kihesa. Hao elfu kumi ndio wale wanaoshuka garini.

Haraka ya kweli ipo, na ukiwa nayo itumie. Mavuno yana msimu, lori lina siku ya kuondoka, hoteli inafunga oda zake kabla ya sikukuu. Sema: lori linapakia Alhamisi asubuhi, atakayelipa baada ya hapo mzigo wake utasubiri lori la wiki inayofuata. Hiyo ni haraka inayoweza kupimwa. Mtu akifika Alhamisi akute lori kweli linapakia.

Kabla sijaendelea, nijibu mnong'ono wa nyuma kule. Ndiyo, barua pepe kwa wengi wetu ni kitu cha ofisini. Mama lishe wa Kabwe hataki barua pepe, anataka umpigie au umtumie sauti ya WhatsApp. Lakini fikirini nani ananunua kwa jumla: bwana manunuzi wa hoteli Dar es Salaam, mtunza bohari wa shule binafsi, wakala wa safari aliyeko Ujerumani anayetafuta mtu wa kupeleka wageni wake Hifadhi ya Ruaha, mnunuzi wa vikapu. Mtu wa namna hiyo hanunui peke yake. Barua yako ataipeleka kwa bosi wake au kwa mhasibu, na wewe hutakuwepo kuitetea kwa maneno matamu. Kwa hiyo barua pepe lazima isimame bila wewe. Hili ndilo linaloitofautisha na maneno ya dukani, na ndiyo sababu porojo inayochekesha ukiwa umesimama mbele ya mteja inanuka ikiandikwa.

Nichukue mchele, kwa sababu hapa Mbeya hakuna bidhaa yenye jina kubwa na kesi nyingi kama mchele wa Kyela. Harufu yake inajulikana Kariakoo, inajulikana mpaka Nairobi. Na kwa kuwa jina ni kubwa, kila mchele mweupe unaotoka upande huu wa nchi hubatizwa Kyela ukifika mjini. Mchele wa Mbarali, uliolimwa kwenye bonde la Usangu, ukipita Makambako tayari umeshabadili kabila. Ajabu ni kwamba mchele wa Mbarali ni mchele mzuri tu! Mbegu ya SARO 5 inazaa vizuri, ina kaharufu kake, mchele wake hauhitaji kujificha nyuma ya jina la mtu. Ila muuzaji ameona njia fupi, na matokeo yake ni kwamba leo mtu anayeuza Kyela yenyewe, kutoka Kyela yenyewe, akiandika "Mchele Original wa Kyela" hakuna anayemsikia. Maneno "original", "halisi", "orijino kabisa" yamechakaa kwa sababu ndiyo yanayotumiwa zaidi na wenye mchanganyiko.

Afanye nini? Tuseme anaandika hivi, kwa mteja wake wa zamani:

"Mchele wa Kyela, mavuno ya Juni, magunia 40.

Shikamoo mama. Ulinunua kwetu mwaka jana, ndiyo maana nakuandikia. Tumepokea magunia 40 kutoka Ipinda, yamekobolewa wiki iliyopita. Kila gunia ni kilo 50 kwenye mzani. Chenga zipo, kwa sababu umekobolewa kwa mashine ya kijijini na haujapangwa madaraja. Kama wageni wako hawapendi chenga, tunao wa Mbarali uliopangwa. Huo si wa Kyela na harufu yake ni ndogo, lakini haukatiki. Bei zote mbili ziko chini hapa, pamoja na nauli mpaka Mbezi. Pika kilo ya kwanza. Ukiona sio wenyewe, turudishie gunia, nauli ya kurudisha ni yetu. Ukitaka tusikuandikie tena, jibu neno 'basi', nasi tutakuondoa siku hiyohiyo."

Barua haina hata neno moja la kujisifu, na bado inauza. Mstari unaouza zaidi ni ule wa chenga. Muuzaji ametaja kasoro kabla ya kuulizwa. Sasa anaposema umetoka Ipinda, msomaji anaanza kukubali, maana mtu aliyekuja kudanganya asingetaja chenga. Na angalieni kwamba kasoro yenyewe inasaidia ushahidi: mchele wa mashine ndogo ya kijijini ndivyo unavyokuwa. Kasoro isiyo na maana, ile ya kujifanya mnyenyekevu, haina kazi. Ukiandika "kasoro yetu ni kwamba tunawapenda wateja kupita kiasi", mteja atacheka na kufuta.

Kuna na lile la salamu. Najua vitabu vya nje vinafundisha kuanza na jambo moja kwa moja. Kwetu, kijana anayemwandikia mama mwenye hoteli bila shikamoo ameshaanza vibaya hata kama mchele wake unanukia mpaka mtaa wa pili. Ila umjue. Shikamoo iliyotumwa na kompyuta kwa watu mia tano, wakiwemo wadogo zako, ni kichekesho. Kama humjui mtu umri wake, "Habari za kazi" inatosha, na hakuna ubaya.

Lile la kilo nimelifanya makusudi. Tumezoea gunia. Gunia la viazi la Uporoto, gunia la vitunguu, na juu yake lumbesa, ule mlima wa ziada ulioshonewa kwa kamba ambao Wakala wa Vipimo anaupigia kelele mwaka nenda mwaka rudi. Lumbesa humuumiza mkulima. Kwenye tangazo humuumiza mnunuzi, kwa sababu gunia lisilotajwa kilo linaweza kuwa na ukubwa wowote ambao muuzaji ataamka nao siku hiyo. Ukiandika "gunia" bila kilo, hujaandika bei. Umeandika ugomvi wa wiki ijayo.

Na ile ahadi ya kurudisha gunia? Hapo niwasimulie kesi ambayo wanafunzi wa sheria huifahamu tangu mwaka wa kwanza. London, mwaka 1891, wakati wa mafua makali, kampuni iliyoitwa Carbolic Smoke Ball ilitangaza magazetini mpira wake wa kuvuta moshi wa dawa. Ilisema atakayeutumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili na bado akapata mafua atalipwa pauni 100. Na kuonyesha kwamba haitanii, ikasema imeweka pauni 1,000 katika Benki ya Alliance. Mama mmoja, Louisa Carlill, akaununua, akautumia kama ilivyoandikwa, na Januari 1892 akapata mafua. Akadai. Kampuni ikajibu kwamba lile lilikuwa tangazo tu, mbwembwe za biashara, hakuna mtu mwenye akili anayezichukulia kwa uzito. Mahakama ya Rufani ikasema hapana: umetaja kiasi, umetaja masharti, umetaja benki. Lipa.

Kesi hii hufundishwa kama habari ya mikataba. Mimi naiona kuwa kesi ya uandishi. Vitu vilevile vilivyolifanya tangazo liaminike ndivyo vilivyolifunga. Kampuni ilitaka kuaminiwa bila kushikwa, na haiwezekani kwa lugha yoyote. Kwa hiyo unapotaka kuandika "tutakurudishia fedha", kaa kwanza na daftari lako la hesabu. Mteja mmoja kati ya kumi akirudisha, utaweza? Kama huwezi, punguza ahadi mpaka ifike mahali unapoweza. Ahadi ndogo inayolipwa ina nguvu kuliko kubwa unayoiombea isidaiwe.

Nipande Iringa sasa, maana naona akina mama wa vikapu wananiangalia.

Vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu, majani ya kwenye maeneo ya majimaji, na vimefika mbali kuliko wengi wetu tulivyofika. Kosa linalofanywa na wanaowaandikia wanunuzi wa nje ni la aina mbili. Wa kwanza anaandika kana kwamba vinatoka kiwandani: sentimita 30 kamili, rangi moja, elfu moja kwa wiki mbili. Vikifika, kimoja kina 28, kingine 33, na kimoja kimekuwa kijani kidogo kwa sababu majani hayakukauka sawasawa, na mnunuzi anahisi ameibiwa. Ilikuwa rahisi kuandika kwamba mkono wa kila mama una kipimo chake, tofauti ya sentimita mbili tatu ni ya kawaida, na rangi hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Mnunuzi anayetaka vinavyofanana aende kwenye plastiki.

Wa pili anauza umaskini. Picha ya mtoto mwenye vumbi, sentensi ya machozi, na kikapu kimesahaulika pembeni. Hili silipendi, na sitaki kulizungumza kwa upole. Mama aliyesuka kikapu kizuri anastahili bei kwa sababu kikapu ni kizuri. Tena, picha yake na jina lake ni vyake. Tangu tupate Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu peke yake. Muulize, mwonyeshe barua itakavyokuwa, akikataa mwache.

Ukitaka kuona njia nyingine, iko palepale mjini Iringa. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianza na vijana watatu viziwi, na kazi iliyowapa jina ni karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Hebu fikirini mwandishi wa matangazo mwoga angefanyaje. Angeandika "karatasi ya asili rafiki wa mazingira", akaficha tembo. Lakini kinyesi cha tembo ndicho kinachomfanya msomaji asimame, acheke, amwite mwenzake. Jambo la kweli ambalo hakuna mwingine angelibuni linashinda sifa kumi. Kila biashara ina la kwake. Litafuteni.

Sheria nitaipitia haraka. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inataka mambo ambayo mtu mwenye adabu angeyafanya bila sheria: usimtumie mtu tangazo bila ridhaa yake, jitaje mwanzoni na useme unataka nini, na umpe njia ya kukataa. Aliyekupa anwani yake wakati wa kununua kwako, sheria, kwa masharti fulani, inamhesabu kuwa ameridhia. Aliyeandika anwani yake kwenye daftari la mahudhurio ya semina hajaridhia, wala yule uliyemnunua pamoja na wenzake elfu tano kwenye orodha ya kijana fulani wa Dar. Na wenye mitambo nao wamekaza. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanawataka watumaji wakubwa, kwa Gmail ni wale wa barua zaidi ya 5,000 kwa siku, wathibitishe kwamba jina la tovuti wanalotumia ni lao, waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifike 3 kwa kila 1,000. Wewe huna barua 5,000, lakini mashine ileile ndiyo inayopima zako. Orodha ya watu 60 waliokubali kuandikiwa itakufikisha mbali kuliko ya kununua.

Mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa kutuma tangazo la jumla kwa barua pepe ni Gary Thuerk, Marekani, Mei 1978. Aliwaandikia watu karibu 400 kuhusu kompyuta za kampuni ya DEC. Alipata wateja, na alipata matusi. Wanaomwiga leo wanakumbuka hilo la wateja.

Kuhusu shuhuda. Ninyi ni watu wa makanisani na misikitini, mnajua ushuhuda una uzito gani. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na hakuna tangazo la kulipia lililowapeleka, waliwapeleka waliosimulia. Ndiyo maana ushuhuda wa kubuni naupa daraja la juu katika uongo wa biashara. Ukiwa na wateja watatu, weka maneno ya hao watatu, kwa ruhusa yao, hata kama mmoja alilalamika kwamba mzigo ulichelewa. Na ukiuza dawa za miti au sabuni ya kutoa madoa, usithubutu kuandika "inaponya" kwa sababu shangazi yako alipona.

Mtaniuliza kama haya yote yanalipa. Mwezi wa kwanza mpiga debe anaweza kukuzidi mauzo, sitawaficha. Anayeuza mara moja kwa mtu mmoja hana sababu kubwa ya kunisikiliza, na stendi zitaendelea kuwa naye. Haya ni ya mtu anayetaka yule mama wa hoteli anunue Juni, na Septemba, na mwakani, na asiwe anapekua barua kila mara akitafuta ulipofichwa mtego.

Na barua inayowapima zaidi haitakuwa ya kuuza. Siku moja lori litakwama Kitonga, mbele yake semi-trela imelala barabarani, na mzigo wa mtu utachelewa. Andika siku hiyohiyo, kabla hajauliza. Taja lilipokwama, saa uliyopata habari, unachokijua na saa utakayoandika tena. Usiandike "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu". Kisha saa uliyoitaja ikifika andika, hata kama huna jipya la kusema.

Nimeona wengi mmekuja na barua zenu kwenye simu. Tuna muda. Tuanze na ile ya parachichi iliyosema "bora kuliko zote Afrika Mashariki". Mwenye nayo asimame atuambie zinaiva kwa siku ngapi baada ya kuchumwa, tuone kama hilo halitoshi.